Maji Yasiyojaa Kijiko: Mhadhara Kuhusu Presha ya Jicho



Jicho lina presha yake, na presha hiyo siyo ile inayopimwa kwa kufungwa mkanda mkononi. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu hakuna kliniki ya macho isiyopata mtu anayesema, "Daktari, presha yangu ni nzuri, nimepimwa juzi tu." Amepimwa damu. Moyo unapopiga, damu katika ateri ya mkono husukuma kwa nguvu ya milimita 120 hivi za zebaki. Maji yaliyomo ndani ya jicho husukuma kwa 15 au 16. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kutisha huku jicho lake limetulia, au kinyume chake.

Tuanze na swali ambalo watu hawajalizoea: presha hiyo ni ya kazi gani? Ndani ya jicho hamna mfupa. Umbo lake linashikiliwa na maji na ute unaolijaza, na umbo hilo ndilo linalofanya mwanga uliopita kwenye konea, kile kioo cha mbele, na lenzi utue juu ya retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, mahali panapostahili. Presha ikishuka chini ya 5 au 6, kama inavyotokea baada ya jeraha au upasuaji unaovuja, retina hufanya makunyanzi katikati, na mgonjwa huona kingo za mlango zimepinda. Jicho lisilo na presha halioni vizuri. Naomba tulikumbuke hilo, maana wengi wetu tumezoea kulisikia neno presha likitajwa pamoja na maafa tu.

Kuna kazi ya pili. Konea na lenzi hazina mishipa ya damu. Zingekuwa nayo, mwanga ungekwama. Lakini ni tishu hai, zinahitaji sukari na oksijeni, na taka zake lazima ziondolewe. Kazi hiyo hufanywa na maji maangavu yanayotengenezwa na mwili wa siliari, yaani pete ya tishu iliyojificha nyuma ya airisi, lile duara la rangi linaloizunguka mboni. Maji hayo huchujwa kutoka katika damu na kusukumwa ndani ya jicho, hupita kati ya airisi na lenzi, hupenya katika tundu la mboni, na kuingia chumba cha mbele, nyuma ya konea. Yasichanganywe na machozi. Machozi huosha jicho kwa nje, na mtu anaweza kulia kutwa nzima bila presha ya ndani kupungua kwa sababu ya machozi hayo.

Kiasi chake ni kidogo mno. Mchana jicho hutengeneza mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika. Chumba cha mbele hubeba robo ya mililita, kwa hiyo maji yake yote hubadilishwa kila baada ya dakika 100 hivi. Ukijumlisha usiku na mchana, jicho moja halitoi maji ya kujaza kijiko cha chai. Uoni wa binadamu unategemea kijiko hicho kisichojaa kiingie na kitoke kwa mwendo uleule.

Njia kuu ya kutokea iko pembeni, pale airisi inapokutana na konea. Pembe hiyo ina wavu wa nyuzinyuzi uitwao trabekula, na nyuma yake kuna mfereji unaolizunguka jicho, ambao Friedrich Schlemm wa Ujerumani aliueleza mwaka 1830. Maji hupenya wavu, huingia mfereji, kisha hurudi kwenye damu kupitia vena ndogo zilizo juu ya weupe wa jicho. Sehemu nyingine ya maji haifuati njia hiyo. Hupenya polepole kati ya misuli ya mwili wa siliari na kupotelea katika tabaka za ukuta wa jicho. Njia hii ya pili huwa haizungumzwi sana, ingawa mojawapo ya dawa zinazotumika mno leo inaitegemea, na tutaifikia.

Sasa hesabu, na nawaahidi kuwa ni moja tu. Hans Goldmann, daktari wa macho wa Bern nchini Uswisi, alionyesha kuwa presha ya jicho hupatikana kwa kugawanya kasi ya maji yanayotengenezwa kwa wepesi wa njia ya kutokea, halafu ukajumlisha presha ya zile vena za nje. Tuchukue mikrolita 2.5 kwa dakika. Wepesi wa njia katika jicho zima ni kama 0.3. Ukigawanya unapata kama 8. Vena za nje zina presha ya 8 au 9. Jumla ni 16 au 17. Nimeiacha ile njia ya pili ili kurahisisha, lakini mwelekeo ni huo. Sasa tuseme wavu umeziba nusu, wepesi ukashuka hadi 0.15, na jicho likaendelea kutengeneza maji kama kawaida. Gawanya tena: kama 17. Ongeza 9 za vena, umefika 26. Hakuna maji ya ziada yaliyoongezwa hapo. Katika glakoma (ugonjwa unaoua neva ya jicho) karibu zote tunazoziona, mwili wa siliari hauna kosa; tatizo liko kwenye kutoka.

Je, nani anasimamia? Kwa presha ya damu mwili una vipimo vyake katika ateri za shingo, na moyo hupata taarifa kwa kila pigo. Jicho lina utaratibu wa polepole zaidi. Seli za ule wavu wa trabekula huhisi kuvutwa presha inapopanda. Zikivutwa mfululizo, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha sehemu ya utando uliozizunguka, na njia hupanuka. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Seli hizo pia humeza takataka zinazoletwa na maji, chembechembe za rangi ya airisi na mabaki ya seli zilizokufa. Kadiri umri unavyokwenda, idadi yake hupungua, utando huwa mgumu, na ukarabati hulegea. Ndiyo maana glakoma ya kawaida humpata mtu aliyepita miaka 40, ikinyemelea bila maumivu yoyote.

Kuna jambo la usiku ambalo mimi hulipenda kwa sababu linakataa kueleweka kwa haraka. Mtu akilala, jicho hupunguza utengenezaji wa maji hadi karibu nusu. Kwa hesabu tuliyoifanya, presha ingepaswa kushuka. Ukimpima akiwa amelala chali, unaikuta imepanda. Kinachotokea ni kwamba mwili ukilala, damu ya kichwani hairudi moyoni kwa urahisi kama mtu anaposimama. Presha ya vena za nje ya jicho hupanda, na nayo huingia katika jumla. Kwa sababu hiyohiyo, kichwa kikiwa chini ya moyo presha hupanda. Watu huniuliza kuhusu kusujudu. Inapanda, ndiyo, na hushuka mtu anapoinuka. Sijdah ni ya muda mfupi, wala sijawahi kumwambia mgonjwa apunguze sala. Anayesimama kwa kichwa kwa dakika nyingi kama mazoezi, huyo nitamwambia atafute zoezi jingine.

Jambo hilo la usiku lina maana kwa kazi yetu. Tunapima watu saa nne asubuhi, wameketi. Presha iliyoandikwa kwenye kadi ni ya dakika ile, katika mkao ule. Tukiijengea hukumu ya maisha ya mtu, tunajenga juu ya kidogo sana.

Upimaji wenyewe umepitia mengi. Zamani daktari alimfumbisha mgonjwa macho, akabonyeza juu ya kope kwa vidole viwili, kama mnunuzi anavyobonyeza parachichi sokoni. William Mackenzie wa Glasgow aliandika mwaka 1830 kuwa jicho la glakoma huwa gumu likiguswa. Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norway alileta kifaa cha chuma kinachosimamishwa juu ya konea ya mtu aliyelala. Kisha katika miaka ya 1950 Goldmann akaleta tonomita inayotumika hadi leo, ile yenye mwanga wa buluu inayosogezwa mpaka iguse jicho lililotiwa ganzi. Hubonyeza konea hadi duara la kipenyo cha milimita 3.06 liwe bapa. Kipimo hicho cha ajabu kilichaguliwa kwa sababu, katika ukubwa huo, ukaidi wa konea na mvuto wa machozi hufutana, na kila gramu moja ya nguvu ni sawa na milimita 10 za zebaki.

Ila Goldmann alichukulia konea zote zina unene unaokaribiana. Hazina. Konea nyembamba hubonyea kirahisi na kutoa namba ndogo kuliko presha halisi. Nene hutoa kubwa. Kwa wastani, konea za watu wenye asili ya Afrika ni nyembamba kuliko za Wazungu, na jambo hilo linatuhusu moja kwa moja hapa kwetu: namba inayoonekana ya kuridhisha inaweza kuwa imepunguzwa na konea.

Na hiyo namba ya kuridhisha ilitoka wapi? Wengi mmesikia 21. Chini ya 21 uko salama, juu ya 21 una glakoma. Mwaka 1958 Wolfgang Leydhecker na wenzake nchini Ujerumani walipima watu wapatao 10,000. Wastani ulikuwa 15.5. Wakafanya kama wanatakwimu wanavyofanya: wakaweka mpaka mahali ambapo ni watu wachache tu wanaovuka, na mpaka ukaangukia karibu na 21. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba jicho huharibika likifika hapo. Ulikuwa mstari wa takwimu, ukageuzwa na mazoea kuwa mstari wa ugonjwa.

Mazoea hayo yalivunjwa na tafiti mbili, kila moja kwa upande wake. Marekani, watu 1,636 wenye presha ya kati ya 24 na 32, lakini neva zao zikiwa nzima, waligawanywa kwa kura: nusu wapewe matone, nusu waangaliwe tu. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Baada ya miaka mitano, waliopata glakoma bila dawa walikuwa asilimia 9.5, kwa waliotibiwa, asilimia 4.4. Dawa ilipunguza hatari zaidi ya nusu. Lakini someni upande wa pili wa hesabu: katika wale wasiotibiwa, watu 9 kati ya 10 walikaa miaka mitano na presha ya juu, neva zao zikabaki nzima. Huko Tajimi nchini Japani, madaktari walipowatafuta wenye glakoma ya kawaida mjini, walikuta asilimia 92 wana presha isiyozidi 21. Wangepimwa presha peke yake, karibu wote wangerudishwa nyumbani kwa pongezi.

Ugonjwa, basi, uko kwenye neva. Nyuma ya jicho, nyuzi za neva zipatazo milioni moja hukusanyika kutoka kila upande wa retina, hupinda, na kutoka kwa pamoja kuelekea ubongoni. Mahali zinapotokea, ukuta mgumu wa jicho umekatika, na tundu limezibwa na bamba laini lenye matundu mengi ambamo nyuzi hupita kwa mafungu. Hapo ndipo penye udhaifu kuliko mahali pengine pote kwenye ukuta. Mbele ya bamba kuna presha ya jicho. Nyuma yake kuna presha ya maji ya ubongo, ambayo kwa kawaida ni ndogo zaidi. Tofauti ikizidi, bamba husukumwa nyuma, matundu hupindana, na nyuzi hubanwa. Uzi wa neva si waya mkavu. Ndani yake husafirishwa protini na chakula kwenda na kurudi. Mwaka 1974 Douglas Anderson na Anita Hendrickson walionyesha kwa nyani kuwa presha ya jicho ikipandishwa, usafirishaji huo hukwama palepale kwenye bamba. Seli isiyopata mahitaji yake hufa, wala haioti tena.

Damu nayo ina neno lake. Neva hulishwa na mishipa midogo ambayo lazima ishinde presha ya jicho ndipo damu ipite. Mtu mwenye presha ya damu ya chini sana usiku, labda kwa sababu ya vidonge vingi anavyokunywa kabla ya kulala, anaweza kuwa na jicho lenye presha ya 16 na bado neva yake ikakosa damu. Asiache vidonge, amwambie daktari wake wa presha kuwa ana glakoma, wapange saa upya.

Huko kufa kwa nyuzi kunaathirije uoni? Watu hudhani mgonjwa huona kiza kikiingia pembeni. Wagonjwa wenyewe hawasemi hivyo. Wanasema vitu vinakosekana: kijiko kilikuwa mezani, hakipo, mtu ametokea ghafla ubavuni. Nyuzi zinazoanza kufa mara nyingi ni zile zinazopinda juu na chini ya kitovu cha retina, kwa hiyo mapengo huanza kando, mengi upande wa pua, ambako jicho la pili hufunika pengo la mwenzake. Ubongo hujaza kilichobaki kwa kukisia. Kitovu chenyewe, kinachosoma herufi za ubaoni, hubaki hadi mwisho. Dereva anaweza kusoma mstari wa mwisho wa ubao wa kupimia macho, akapewa cheti, akatoka nje na kushindwa kuiona bodaboda inayotoka kushoto. Kabla kipimo cha eneo la kuona hakijaonyesha dosari, jicho linaweza kuwa limeshapoteza robo ya nyuzi zake au zaidi.

Kuna aina nyingine isiyo na subira. Kwa watu wenye pembe nyembamba, airisi huweza kuuziba ule wavu ghafla. Presha hupanda kufikia 50, 60, au zaidi ndani ya saa chache. Jicho huwa jekundu, konea hufifia, taa huonekana zimezungukwa na duara za rangi, kichwa huuma, na mgonjwa hutapika. Kutapika huko huwapotosha wengi, mgonjwa akatibiwa tumbo huku jicho likifa. Kwetu aina hii ni chache, lakini anayeipata hana siku za kungoja.

Na kuna ile tunayojiletea. Watoto wengi wa Afrika Mashariki husumbuliwa na macho yanayowasha, mekundu, yenye rangi ya udongo kwenye weupe, miaka nenda miaka rudi. Mzazi huenda duka la dawa, huuziwa matone yenye steroidi, na macho hutulia siku ya pili. Chupa ikiisha hununua nyingine. Steroidi huufanya wavu wa trabekula ujae utando na njia kubana. Kwa takriban theluthi moja ya watu presha hupanda, na kwa wachache hupanda sana. Mtoto hana maumivu, hajikuni tena, mama anafurahi. Sioni tatizo la macho linalonikera kuliko hili, kwa sababu dawa ni nzuri, duka liko wazi, na hakuna aliyenuia ubaya.

Tiba tulizo nazo zote hushusha presha, hata kwa yule mwenye 16. Ndiyo nyenzo pekee iliyothibitishwa, na inafanya kazi. Dawa ya kwanza ilitoka Afrika: maharagwe ya Calabar, ambayo Waefik wa Nigeria ya leo waliyatumia kuwajaribu watuhumiwa kwa sumu. Dawa iliyotolewa humo hubana mboni na kuvuta wavu ufunguke. Ludwig Laqueur aliitumia kwa glakoma mwaka 1876, naye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Leo tuna timolol, inayopunguza utengenezaji wa maji. Mwenye pumu asipewe, maana tone hushuka kupitia pua na kuingia kwenye damu. Tuna latanoprost, tone moja la jioni, inayopanua ile njia ya pili niliyoitaja. Tuna upasuaji ulioelezwa na John Cairns wa Uingereza mwaka 1968, unaofungua njia mpya chini ya ngozi laini ya jicho. Na hapa ndipo ugomvi huzuka wodini. Aliyetolewa mtoto wa jicho hufunguliwa bandeji asubuhi na kumwona mjukuu wake. Wa glakoma, kitanda cha pili, hufunguliwa na kuona kama jana, pengine kwa ukungu zaidi. Asipokuwa ameelezwa mapema, atasema amedhulumiwa, na kijiji chake hakitaleta mgonjwa mwingine.

Matone ya kila siku kwa maisha yote ni gharama na ni nidhamu. Ndiyo maana jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 lina uzito. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura kati ya timolol na leza inayopigwa kwenye wavu wa trabekula. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho. Timolol kwa asilimia 31. Leza haidumu milele na huenda ikarudiwa, na mashine yake si ya kila wilaya. Hata hivyo hayo ni macho ya Watanzania, katika hospitali ya Tanzania, na matokeo hayakuazimwa kutoka kwingine.

Swali linalobaki ni nani atafutwe. Uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na zaidi, wengi wao wakiwa na ile ya kimyakimya. Hatuwezi kumpima kila mmoja. Lakini kaka, dada na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko jirani zao, na majina yao mgonjwa anayo kichwani. Mwiteni ndugu huyo, na mkishampima presha msiishie hapo. Mtieni matone ya kupanua mboni, asubiri nusu saa, kisha mwangalieni neva kwa taa na lenzi: shimo la katikati ni kubwa kiasi gani, macho mawili yanalingana au la. Iandikeni na iwekwe, ili mwakani kuwe na cha kulinganisha. Herufi ndogo zitamsumbua kwa saa kadhaa na jua litamuumiza, kwa hiyo mwambieni mapema asije na pikipiki, au aje na mtu wa kuiendesha.